Zana ya kutunga kozi za afya ipimwe siku mwongozo wa tiba unapobadilika

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumzie upande ambao hausikiki sana katika mijadala ya mafunzo ya afya kwa njia ya mtandao. Maneno mengi humhusu anayesoma: ana simu ya aina gani, kifurushi kitamtosha, atamaliza au ataishia njiani. Anayetunga hakumbukwi. Huyo ni muuguzi, mkunga, mfamasia au daktari aliyebebeshwa kozi juu ya zamu zake, kisha akapewa programu iliyobuniwa kwa ajili ya kupamba kurasa: chagua rangi, buruta picha, weka mshale unaoruka. Programu hiyo haijui kwamba "0.5 mg" ina uzito kuliko neno jingine lolote kwenye ukurasa. Kwake yote ni maandishi.

Sisi ni wasanifu wa mifumo ya mafunzo, na hoja yetu ni moja. Anayesanifu zana ya namna hii asianze kujiuliza somo litapendeza vipi siku ya uzinduzi. Ajiulize litarekebishwa vipi siku mwongozo wa tiba utakapobadilika, maana utabadilika tu.

Tazama ufufuaji wa moyo na mapafu. Kabla ya miongozo ya Marekani ya 2005, mtu mzima alikandamizwa kifua mara 15 kwa pumzi 2. Mwaka huo ikawa 30 kwa 2. Mwaka 2010 mpangilio wenyewe uligeuzwa, ukandamizaji ukatangulia kufungua njia ya hewa, na kasi ikawa angalau mara 100 kwa dakika. Mwaka 2015 kasi hiyo ikawekewa kikomo cha juu: 100 hadi 120. Hilo "angalau" ndilo lenye hatari, kwa kuwa somo la 2010 ukilipitia leo haraka haraka hulioni kosa. Chumvi ya ORS nayo ilibadilika. Mwaka 2002 WHO na UNICEF walitangaza mchanganyiko wenye osmolariti (wingi wa chembe zilizoyeyuka kwenye maji) ya 245 badala ya 311. Kwa kila lita, sodiamu kloraidi ikashuka kutoka gramu 3.5 hadi 2.6 na glukosi kutoka gramu 20 hadi 13.5. Jedwali la zamani likiwa limebandikwa kama picha ndani ya slaidi, hulipati kwa kutafuta neno. Lazima mtu afungue masomo yote, moja baada ya jingine, ayatazame kwa macho. Kazi hiyo haifanywi.

Kwa hiyo kitu cha kwanza ndani ya zana kiwe hazina ya kauli za kitabibu, na ukurasa uje baadaye. Kila kauli inakuwa na jina la dawa au kitendo, kiasi, kizio, njia ya kutolea, anayepewa (mtu mzima, mtoto kwa kilo, mjamzito), chanzo pamoja na toleo na ukurasa wake, jina la mwenye dhamana, na tarehe ya kuhakikiwa tena. Mtunzi anapofika mahali pa dozi haichapi. Anaichomeka kutoka kwenye hazina. Mwongozo ukibadilika, kauli inarekebishwa mahali pamoja, na zana inatoa orodha ya kila somo, kila swali na kila fomu ya usimamizi inayoitumia.

Hapa wasanifu wengi hufurahia mapema mno, wakaacha badiliko lisambae lenyewe. Lisisambae. Namba ikibadilika, sentensi inayoizunguka huweza kugeuka uongo: dozi mpya imekaa, lakini mstari unaofuata bado unasema "yaani nusu ya ampuli". Kwenye maswali ni hatari zaidi, kwa sababu dozi mpya inaweza kuwa ndiyo ile iliyowekwa kama jibu la kupotosha, na swali likawa na majibu mawili sahihi. Kila mahali palipoguswa pawekwe alama ya kusubiri, mhakiki apafungue, asome aya nzima, ndipo abonyeze kukubali.

Tahadhari nyingine: usilazimishe kila sentensi iingie kwenye hazina. Dozi, vipimo vya kukatia uamuzi, muda, na mpangilio wa hatua vinatosha. Ukimlazimisha mtunzi ajaze sehemu nane kwa ajili ya sentensi inayosema mgonjwa asalimiwe, kesho atarudi kwenye faili lake la Word na utaletewa PDF.

Video ndiyo mahali ambapo mpango huu huvuja. Dozi ikishatamkwa na msimulizi haishikiki tena. Kanuni tunayoipendekeza ni kwamba sauti ieleze kitendo na sababu, namba ije kama maandishi juu ya picha, yakichotwa kutoka hazina wakati video inachezwa. Palipo na ulazima wa kutamka, video ikatwe vipande vya dakika 1 hadi 3, kila kimoja faili lake, ili marekebisho yadai kurekodi upya kipande kimoja badala ya mhadhara mzima wa dakika 40. Vipande vifupi vina faida ya pili kwa mwenye mtandao dhaifu: upakuaji ukikatika, kinachoanza upya ni kipande hicho tu.

Baada ya hazina, tuje kwenye uandishi wenyewe wa namba. Zana ikague wakati mtunzi anachapa, kama kikagua tahajia kinavyofanya, ila kwa makosa yanayojulikana kuua. Sifuri ya mkiani: "1.0 mg", nukta ikififia, husomwa 10. Nukta isiyo na sifuri mbele: ".5 mg" husomwa 5. Herufi U kwa yuniti za insulini: "10U" husomwa 100, kwa hiyo iandikwe "yuniti 10", neno zima. Alama ya Kigiriki ya mikrogramu ina mtego ambao watu wa kompyuta wenyewe huusahau. Katika fonti ya Symbol alama hiyo ni herufi m iliyovalishwa umbo la Kigiriki. Andiko likihamishiwa mahali pasipo na fonti hiyo, vazi linavuka na "µg" inabaki "mg", dozi mara 1,000. Zana iikatae alama hiyo kabisa na kuandika "mcg" au "mikrogramu". Vilevile kitenganishi cha desimali: zipo lugha zinazoandika 1,5 pale ambapo nyingine huandika 1.5, na nyingine hutumia mkato kutenganisha maelfu. Namba ikihifadhiwa kama namba, kila lugha huionyesha kwa desturi yake. Ikihifadhiwa kama maandishi, mfasiri ndiye atakayeumia.

Adrenalini inastahili ukaguzi wake peke yake. Uwiano wa 1:1,000 ni miligramu 1 kwa mililita. 1:10,000 ni miligramu 0.1 kwa mililita. Anayechanganya hivyo viwili amekosea mara 10, na wanaochanganya si wazembe, ni watu waliochoka. Marekani waliondoa uwiano kwenye lebo za adrenalini mwaka 2016. Zana ifanye vivyo hivyo: mtunzi akiandika uwiano, idai miligramu kwa mililita kabla ya kuhifadhi.

Je, kikaguzi kizuie au kionye tu? Kwa maoni yetu, kwenye vizio na desimali kizuie. Kwenye mengine yote kinyamaze kadiri kinavyoweza. Mifumo ya kuandikia dawa hospitalini imeshaonyesha yanayotokea maonyo yakiwa mengi: watu hubonyeza "sawa" bila kusoma, na onyo moja la maana hupita pamoja na mengine.

Sasa maswali. Hapa ndipo zana nyingi huwa duni zaidi, ingawa ndipo penye mafunzo hasa, kwani kujaribu kukumbuka hujenga kumbukumbu kuliko kusoma tena. Mtunzi akipewa kisanduku tupu cha swali na visanduku vinne vya majibu, ataandika: "Lipi kati ya yafuatayo si kweli kuhusu adrenalini?" Swali hilo halipimi uamuzi wowote, linapima kama msomaji ameliona neno "si". Zana yenye kiolezo cha kisa ingemuuliza mtunzi kwanza umri wa mgonjwa, dalili, muda, vipimo, na mahali alipo mhudumu, kisha swali likatoka hivi: "Mtu mzima ameumwa na nyuki. Dakika 10 baadaye sauti imekauka, anakoroma anapovuta hewa, shinikizo la damu ni 80/50. Utampa nini kwanza?" Majibu: adrenalini miligramu 0.5 ndani ya msuli wa paja kwa nje. Haidrokotisoni kwenye mshipa. Salbutamoli ya kuvuta. Msomaji akifunika majibu kwa kiganja anaweza kujibu mwenyewe, na hicho ndicho kipimo cha swali lililotungwa vizuri.

Majibu matatu yanatosha. La nne mara nyingi ni kijazio, na kijazio hakimpotoshi mtu. Zana isikubali kuhifadhi swali kabla kila jibu la kupotosha halijapata maelezo: anayechagua haidrokotisoni aambiwe kwamba huchukua saa kadhaa kufanya kazi na haifungui njia ya hewa iliyovimba sasa hivi. Mtunzi asiye na la kueleza juu ya jibu fulani ajue kwamba hilo jibu halina kazi. Zana ipime pia urefu, kwa kuwa jibu sahihi huwa refu kuliko mengine (mtunzi anajihami dhidi ya wenzake), na wanafunzi hulijua hilo zamani. Majibu yachanganywe mpangilio kila mara, isipokuwa yakiwa namba. Namba zipangwe kutoka ndogo kwenda kubwa. "Yote hapo juu" lisiwepo kabisa, la sivyo siku moja litajikuta mstari wa kwanza, halina cha juu yake.

Watu wachache tu wakishajibu, takwimu huyumba. Wakifika 50 hivi, zana ianze kumwonyesha mtunzi mambo mawili. Kwanza, jibu la kupotosha linalochaguliwa na chini ya asilimia 5 limekufa, libadilishwe. Pili, swali ambalo waliofanya vizuri katika mtihani mzima wanalikosa huku walioshindwa wanalipata, likaguliwe mara moja: mara nyingi ufunguo wa majibu uliwekwa kwenye jibu lisilo sahihi. Hesabu hizi si ngumu kwa kompyuta. Kinachokosekana ni kuzionyesha kwa lugha ya muuguzi: "Swali la 7: angalia jibu sahihi" inatosha, kuliko kumwekea mgawo wa uwiano wenye desimali tatu.

Kuhusu picha za wagonjwa tutasema kwa ufupi japo jambo lenyewe ni kubwa. Picha ya simu hubeba ndani yake mahali na saa ilipopigwa. Zana ifute taarifa hizo wakati wa kupakia, bila kuuliza. Faili la DICOM, muundo wa picha za eksirei na vipimo vingine vya hospitali, hubeba jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya mgonjwa. Picha ya ultrasaundi huwa na jina lililochorwa ndani ya picha yenyewe, ambalo kufuta taarifa za faili hakuligusi. Hapo zana imwonyeshe mtunzi kingo zote nne na kumtaka azizibe. Na mtunzi anayepunguza picha ndani ya slaidi ajue kwamba sehemu aliyoikata kwa kawaida bado imo ndani ya faili, mtu mwingine anaweza kuirudisha. Punguzo lifanyike kwenye seva na faili la asili litupwe. Ridhaa ya mgonjwa iwe kumbukumbu iliyofungwa kwenye picha, ili akiiondoa, picha iondoke katika kozi zote kwa kitendo kimoja.

Uhakiki uwe wa watu wawili wasio mtu mmoja mwenye akaunti mbili. Mtunzi asiweze kujipitishia. Mhakiki aonyeshwe tofauti tu kati ya toleo la jana na la leo, maana ukimpa kozi nzima ya saa 3 kila neno linapobadilika, ataidhinisha bila kusoma, na hatutamlaumu. Marekebisho yatenganishwe: la tahajia lipite kimya, la kitabibu lipandishe namba ya toleo na kuwajulisha waliokwisha kumaliza. Cheti kitaje toleo lililosomwa na kiwe na msimbo wa QR unaofungua ukurasa wa uthibitisho, ambapo anayekikagua ataona kama toleo hilo bado linatumika. Kiwepo pia kitufe cha dharura cha kusimamisha somo moja bila kuangusha kozi yote, na mwenye dhamana akifikie hata usiku wa manane. Tarehe ya uhakiki ikipita, ushauri wetu ni kwamba somo libaki kusomeka likiwa na tangazo juu yake, lakini lisitoe cheti.

Yako mambo ya kiufundi ambayo huonekana madogo mpaka malalamiko yaanze. Mifumo mingi ya mafunzo bado hupokea kozi kwa mtindo wa SCORM 1.2, yaani kanuni ya kufungasha kozi ili mifumo tofauti iweze kuifungua, wa mwaka 2001. Nafasi yake ya kuhifadhi mahali msomaji alipofika ni herufi 4,096. Kozi ndefu yenye maswali mengi huijaza, baadhi ya mifumo hukata kinachozidi, na msomaji akirudi anajikuta ukurasa wa kwanza. Mtindo huohuo una sehemu moja tu ya hali ya somo, kwa hiyo "amemaliza" na "amefaulu" hugombania kiti kimoja, na ripoti ya mwajiri haiwezi kusema kama mtu amepita mtihani au amefungua kurasa zote tu. Zana ihifadhi kumbukumbu kwa ufupi, ikate kozi kubwa vifurushi vidogo, na iweze kutoa pia kwa mtindo mpya zaidi wa xAPI, uliotoka 2013, ambao hurekodi kila tendo kivyake.

Kwa anayesomea mahali pasipo na mtandao, kila jibu lihifadhiwe kwenye simu papo hapo, si mwisho wa somo. Hata hivyo hifadhi ya kivinjari si kabati la kudumu: tangu 2020, Safari hufuta data ambayo tovuti imeiandika endapo mtumiaji amekitumia kivinjari kwa siku 7 bila kuigusa tovuti hiyo. Tovuti iliyowekwa kwenye skrini ya mwanzo haihesabiwi hivyo, kwa hiyo zana imwelekeze msomaji aiweke huko kabla ya kupakua chochote. Akisoma kwenye simu mbili, majibu yasifutane. Kila jaribio liwe mstari mpya kwenye daftari la matukio, na seva iyapange yakifika, bila kuiamini saa ya simu peke yake.

Uzito wa kozi mtunzi auone anapotunga. Video ya kilobiti 500 kwa sekunde hula megabaiti 37.5 kwa dakika 10. Sauti peke yake ya kilobiti 32 hula 2.4 kwa muda huohuo. Namba hizo zikiwa pembeni mwa skrini, mtunzi mwenyewe ataamua kama uso wake ukizungumza unastahili megabaiti 35 za ziada. Mara nyingi haustahili. Video iwekwe pale mikono inapofanya kazi.

Lipo pia la mipaka, na hapa tunajua hatutapendwa na wauzaji. George Miller mwaka 1990 alipanga umahiri wa mtabibu katika ngazi nne: kujua, kujua namna, kuonyesha, na kutenda kazini. Skrini huishia ngazi ya pili. Hakuna swali la kuchagua linaloweza kupima kama kifua kimekandamizwa kwa sentimita 5. Kwa hiyo mtunzi akiandika lengo lenye "ataweza kushona jeraha" na kipimo chake kikawa maswali 10 ya kuchagua, zana igome kuchapisha mpaka abadili lengo liwe "ataeleza hatua", au aongeze fomu ya msimamizi anayemwona mshiriki akishona na kutia alama hatua kwa hatua. Fomu hiyo iweze kuchapwa kwenye karatasi, kwa kuwa mwenye glavu hashiki simu.

Kwa taasisi itakayonunua zana badala ya kuijenga: usikubali onyesho la muuzaji lenye kozi aliyoiandaa mwenyewe. Peleka somo lako la dakika 30 lenye dozi, video na maswali 15. Mwite muuguzi asiyewahi kuiona programu hiyo, mpe dozi moja aibadilishe, kisha akuonyeshe mahali pote ilipotajwa, nani ameidhinisha, na cheti cha aliyesoma jana kinasemaje leo. Mwisho aitoe kozi yote nje ya mfumo katika mafaili yanayofunguka kwenye programu nyingine. Pale atakapokwama ndipo mkataba uandikwe upya.

Wako,
Wasanifu wa mifumo ya mafunzo ya afya